Dhamana ya Kilo Themanini

Nchi yenyewe inaitwa Tunzeni. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani, haimo. Wachora ramani walipofika mpakani waliambiwa wajaze fomu kwanza, na nasikia mpaka leo wanajaza. Mimi ninayewasimulia sina ugomvi na serikali ya huko, wala na serikali yoyote ile, nina watoto. Naeleza tu jinsi watu wazima wenye akili zao walivyoamua kuilinda fedha ya umma, na jinsi Bi. Mwatime binti Kombo alivyonasa humo.

Zamani, fedha ya umma Tunzeni iliwekwa benki asubuhi, ikifika jioni haipo, na aliyeiweka naye hayupo. Wananchi wakalalamika mpaka koo zikawakauka. Bunge likakaa, likala, likatunga sheria. Benki yoyote itakayopokea amana ya shirika la umma sharti iweke dhamana yenye thamani ya asilimia mia moja na mbili ya amana hiyo. Dhamana ikae kwa mtu wa tatu, asiye benki wala shirika, mpaka siku shirika litakapotoa pesa yake. Benki ikifa, shirika linachukua dhamana. Sheria nzuri, sina neno nayo, na wanaoifuata sawasawa wanalala usingizi.

Shida ilikuwa hiyo dhamana. Benki zilianza kuweka hati za serikali, serikali ikazikataa ikisema inajijua. Wakaweka majengo, yakaisha. Wakaweka magari, trekta, viti vya mapokezi. Mamlaka ya Visima ilipohamishia milioni mia tatu zake Benki ya Kibubu, benki ilikuwa imebakiwa na feni moja na kalenda ukutani. Kwenye kalenda palikuwa na maandishi ya dhahabu: RASILIMALI YETU KUBWA NI WAFANYAKAZI WETU. Mwanasheria wa Mamlaka akayasoma mara mbili, akavua miwani akaifuta, akasoma tena.

"Kumbe mnayo," akasema. "Basi ileteni hiyo."

*

Bi. Mwatime alikuwa karani wa dirisha la tatu. Mjane, umri miaka hamsini na saba, ishirini na miwili kati ya hiyo ameimaliza palepale dirishani, na droo yake haijawahi kupungua hata senti. Wenzake wengi walikuwa wamekwisha kujenga. Yeye alikuwa hajajenga, na kwa hiyo akaonekana ndiye mwaminifu kuliko wote.

"Mama Chiku," Meneja Fungameza akamwambia, huku akimshika mkono kwa mikono yake miwili, "benki imekuteua."

"Napanda cheo?"

"Unapanda thamani."

Akaelezwa. Akacheka kwanza, akidhani meneja anatania. Meneja hakucheka. Basi Bi. Mwatime akauliza atakaa huko muda gani, akaambiwa wiki tatu, zikizidi sana nne.

"Maana mwanangu anaolewa Shaabani, Meneja. Bado miezi minne. Ninaye yeye tu, na mimi ndiye mama na ndiye baba."

"Shaabani! Mpaka Shaabani utakuwa umerudi na umeshasahau kama uliondoka."

Siku ileile akapelekwa kwa Mthamini wa Serikali. Mthamini akampandisha kwenye mizani, akapata kilo sabini na sita na nusu. Dhamana iliyotakiwa ilikuwa milioni mia tatu na sita. Akagawanya, akapata milioni nne kwa kila kilo bila kubaki kitu, akasema hesabu inayogawanyika vizuri namna hiyo haiwezi kuwa na dhambi. Bi. Mwatime akashuka kwenye mizani akiwa mwanamke wa milioni mia tatu na sita. Mkobani alikuwa na elfu nne.

*

Jumba la Dhamana lilikuwa la ghorofa moja, lina madirisha ya nondo na bustani ya maua mbele. Mtunzaji wake aliitwa Bwana Sekilindi, mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, funguo zimemjaa kiunoni. Alimpokea kwa heshima zote. Akamwamkia shikamoo, akamvisha shingoni kibati cha namba kumi na saba, akamwonyesha chumba chake. Chumbani mlikuwa na kitanda, meza, na trekta.

"Hilo ni la amana ya Bodi ya Pamba," akasema Bwana Sekilindi. "Halikoromi, mama. Usiwe na wasiwasi nalo."

Kisha akakaa kwenye kiti akamsomea masharti, maana alikuwa mtu wa kufuata kazi. Dhamana hutoka siku amana inapotoka, si kabla. Dhamana ikitimiza miaka sitini huhesabiwa imechakaa, nayo huachiwa iende zake.

"Kwa hiyo likiwa baya kabisa, ni miaka mitatu," akasema Bi. Mwatime.

"Mitatu, mama. Lakini usiseme hivyo, utajichulia." Akageuza ukurasa. "Dhamana ikipotea, mtunzaji anakaa mahali pake. Hilo ni langu mimi, lisikushughulishe. Na hapa wamesema: thamani ya dhamana ikipungukiwa na amana, benki itaongeza nyingine kutoka familia ileile."

"Familia ileile ya nini?"

"Nadhani walikuwa wanafikiria trekta kwa trekta. Lakini wameandika familia, mama, na mimi siwezi kusoma kisichoandikwa." Akafungua daftari lake kubwa. "Ya kwako imeshajazwa. Binti mmoja, Chiku. Miaka ishirini na minne. Mwalimu wa chekechea."

Bi. Mwatime akakaa kitandani, kibati kikagonga kitufe cha gauni lake. Tangu siku ile akawa na mawazo mawili tu kichwani. La kwanza, atoke amwozeshe mwanawe. La pili, asipungue.

*

Na kutopungua peke yake hakukutosha, jamani. Amana ilikuwa inazaa. Kila mwezi riba ya milioni tatu iliingia, na kila ilipoingia, Bi. Mwatime alitakiwa aongezeke robo tatu ya kilo na ushee ili aendelee kuifunika. Yeye aliyekuwa anahesabia watu riba zao dirishani miaka yote hiyo, sasa alikuwa anaibeba tumboni.

"Kula, mama," Bwana Sekilindi alikuwa akisema akimletea sinia. "Riba imeingia."

Alikula. Wali wa nazi, viazi, ugali wa jana uliokaangwa, mandazi kwa chai ya maziwa asubuhi na jioni. Alikula akiwa na njaa na akiwa ameshiba, alikula akilia. Mwezi wa pili malaria ikamkamata, ikampokonya kilo mbili kwa siku tatu, na ilikuwa Jumanne. Kufikia Ijumaa alikuwa amekwisha kuzirudisha, hata mwenyewe hajui kwa njia gani. Kila Ijumaa asubuhi Mthamini alikuja, akakata muhuri wa lakiri kwenye mizani yake iliyokaa humo, akasoma kibati, akasoma mshale, akaandika, akaondoka. Miezi yote hiyo hakuwahi kumwangalia juu ya shingo.

Wiki tatu zilikuwa zimepita zamani. Chiku alikuja kila Jumapili akasimama nje ya nondo. Alikuwa msichana mwembamba, mcheshi, kilo hamsini na sita, na mama yake alikuwa anaijua hesabu hiyo maana alikuwa anaiogopa.

"Mama, umenenepa. Umependeza."

"Nyamaza, mwanangu. Habari za Shomari?"

Shomari ndiye mchumba. Alikuwa fundi pampu, kijana mzuri, kasoro yake moja tu: Tunzeni hakukuwa na pampu.

*

Hakukuwa na pampu kwa sababu Mamlaka ya Visima ilikuwa haijachimba kisima mwaka wa tano sasa. Na kwa kazi hiyo ikapewa kikombe. Kikombe cha Shirika Bora la Kutunza Amana, cha fedha tupu, kikubwa unaweza kumwogeshea mtoto mchanga, ungekuwa na maji.

Siku ya sherehe Bi. Mwatime alitolewa, akapandishwa kwenye pikapu, akawekwa jukwaani ili wananchi waione dhamana yao kwa macho. Wananchi wenyewe walikuwa wamekuja na ndoo. Waliambiwa kuna jambo kubwa la maji.

Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka, Mheshimiwa Dokta Nyangalio, akasimama. Alikuwa na suti ya vipande vitatu na jua lilikuwa la utosi.

"Ndugu wananchi! Miaka mitano, hata senti moja haijatoka! Wenzetu wa Mamlaka ya Barabara walitoa pesa wakajenga barabara. Leo iko wapi hiyo barabara? Imejaa mashimo! Pesa yetu sisi iko wapi? Iko benki! Ina mashimo?"

"Haina!" wakaitikia waliopangwa mbele.

"Pesa ikitoka, imetoka! Pesa iliyo salama ni ile isiyotumika!"

Watu wakapiga ndoo makofi, na ndoo tupu zina sauti nzuri sana. Bi. Mwatime aliona hatapata nafasi nyingine. Akamsogelea Mkurugenzi akapiga magoti, yeye na kilo zake zote.

"Mheshimiwa, nakuomba. Chimba hata kisima kimoja. Watu wapate maji, na mimi nikamwozeshe mwanangu."

"Mama, fikiri. Nikichimba kisima, pesa inatoka. Pesa ikitoka, wewe unatoka. Wewe ukitoka, nani atailinda pesa?"

"Pesa ipi, Mheshimiwa, na wewe umeshaitoa?"

Mkurugenzi akageukia kipaza sauti. "Hilo," akasema, "ndilo swali wanalopenda kuuliza maadui wa maendeleo."

Akarudishwa Jumbani na pikapu. Aliandika barua pia, akaomba ruhusa ya siku moja tu. Jibu lilikuja na mihuri minne: Dhamana haina likizo.

*

Shaabani ikaingia. Harusi ilipangwa Jumapili. Sasa, kwa watu wa Tunzeni binti haolewi mpaka mama yake apewe mkaja. Mnajua mkaja: ndicho kitambaa anachojifunga mzazi tumboni akishajifungua. Basi upande wa mume humpa mama wa bibi harusi pesa iliyofungwa kwenye kanga kwa jina hilo, kumshukuru kwa ule mgongo uliouma na lile tumbo lililobeba. Unaweza kuacha keki, unaweza kuacha bendi. Mkaja hauachwi.

Ijumaa mchana, Mthamini akiwa ameshapima na kuondoka (kilo themanini kamili, Bi. Mwatime amefunika na chenji imebaki), vikasikika vigelegele nje. Alikuwa Bi. Tabu, shangazi yake Shomari, na kinamama tisa, na sinia limefunikwa kanga. Ndani ya kanga mlikuwa na milioni mbili. Ukoo mzima wa Shomari ulikuwa umejinyima mwaka.

"Hodi wenyewe! Tumekuja kumfunga mama mkaja!"

Bwana Sekilindi akakuna kichwa, akafungua daftari. "Shangazi, samahani. Hapa imeandikwa, zao lolote la dhamana ni la mwenye amana. Lazima niwaite Mamlaka."

"Zao? Zao gani? Hii ni korosho?"

Lakini aliwaita, kazi ni kazi, na nusu saa baadaye akateremka garini Mheshimiwa Dokta Nyangalio mwenyewe. Akaelezwa. Akalipima jambo kwa uzito wake. Kisha akaomba kanga, akajitanda juu ya suti, akaketi kwenye mkeka, miguu ameikunja upande.

"Karibuni, wakwe," akasema.

Kinamama wakatazamana. Bi. Tabu akashika kiuno. "Mheshimiwa, mkaja ni wa mama. Wewe umezaa lini?"

"Mama ni dhamana. Dhamana ni ya Mamlaka. Mamlaka ni mimi." Akakohoa. "Mimi, kama mama wa bibi harusi, napenda kusema kwamba uchungu wa kumzaa binti huyu haukuwa mdogo. Tulipitia changamoto nyingi. Lakini kwa ushirikiano wa wadau..."

Bi. Mwatime alikuwa dirishani, ameshika nondo. Alimsikiliza mwanamume mwenye ndevu akieleza uchungu wake yeye, uchungu wa siku mbili na usiku wake, na moyo ukamuuma kweli. Lakini aliona Bi. Tabu anaanza kulinyanyua lile sinia aondoke nalo, na harusi inaondoka naye.

"Mpe, mkwe wangu," akaita. "Mpe tu! Ndoa ipite. Mimi radhi yangu nimeshaitoa."

Bi. Tabu akampa huku machozi yanamtoka. Vigelegele vikapigwa, ingawa kwa shida. Mkurugenzi akapokea kwa mikono miwili, akaaga, akasema asiwe na wasiwasi mtu yeyote: pesa hiyo haitaguswa, anaipeleka Benki ya Kibubu sasa hivi ikajumlishwe kwenye amana.

Bi. Mwatime alikuwa ameshaanza kujifuta macho. Mkono ukasimama njiani. Kichwa chake cha dirisha la tatu kilishaanza kupiga hesabu kabla yeye hajakiruhusu. Amana na riba, milioni mia tatu kumi na mbili, ongeza mbili, mia tatu kumi na nne. Mara asilimia mia moja na mbili: mia tatu ishirini, na laki mbili na themanini elfu. Yeye kilo themanini, mia tatu ishirini kavu. Pungufu laki mbili na themanini. Gramu sabini.

"Mheshimiwa!" Akapiga kelele mpaka trekta likatoa mwangwi. "Usiiweke! Nakuomba usiiweke! Itumie! Uile! Wanunulie wenzako soda!"

Mkurugenzi akageuka, kanga ikiwa bado mabegani, uso umejaa huzuni ya kiongozi.

"Mama," akasema, "unanishawishi kula fedha ya umma?"

*

Gramu sabini ni andazi moja, tena lile dogo la sokoni. Bi. Mwatime akala mandazi sita palepale, mbele ya Bwana Sekilindi, akamwambia, "Leta mizani."

"Mizani imepigwa lakiri, mama, haifunguliwi. Mpaka Ijumaa ijayo."

"Lakini nimeshazidi! Unaona kwa macho!"

"Mimi naona, mama. Daftari halioni."

Jumamosi asubuhi gari la benki likaja. Meneja Fungameza akashuka akiwa na uso wa msibani, akamfungulia mlango Chiku. Walimtoa kwa somo yake, kungwi wa kumfunda, akiwa anapakwa hina. Mikono ameinyoosha mbele isiguse kitu, maua ya hina hayajakauka bado. Bwana Sekilindi akamwamkia vizuri, akamvisha kibati cha namba kumi na nane, akaandika: miaka ishirini na minne, kilo hamsini na sita, milioni mia mbili ishirini na nne. Kisha akasogeza trekta kidogo ili kitanda cha pili kiingie.

"Mama, nimekosa nini?" Chiku akauliza.

Bi. Mwatime akamkumbatia, hina ikamtapakaa mgongoni. Alikuwa amekula miezi minne ili wasionane hivi. Alilia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni, akawatukana wote, mmoja mmoja kwa vyeo vyao, na mimi matusi yenyewe siwezi kuyarudia hapa.

Jioni Bwana Sekilindi akaingia mbio, anatabasamu, karatasi mkononi.

"Mama! Mama Chiku! Mungu mkubwa! Baada ya kuingia huyu binti, dhamana imezidi amana kwa milioni mia mbili ishirini na tatu na kitu. Kinachozidi kinaruhusiwa kutoka! Nimewapigia Mamlaka, wamekubali. Kilichozidi ni asilimia sabini ya thamani yako wewe, kwa hiyo umepewa asilimia sabini ya siku. Kesho, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne na dakika arobaini na nane usiku. Soma mwenyewe!"

Bi. Mwatime akasoma. Mwenye kibati namba kumi na saba aruhusiwe kutoka, ahudhurie harusi ya bintiye.

Alimtazama Bwana Sekilindi, akamtazama Chiku aliyekaa kitandani na maua yake mikononi.

"Harusi ya nani, baba?" akauliza taratibu.

Bwana Sekilindi akaisoma karatasi tena. "Kazi yangu ilikuwa kuomba ruhusa," akasema, na akatoka bila kuaga.

*

Usingizi hawakuupata. Alfajiri, kabla hata ya azana, Bi. Mwatime alikuwa ameshaamua. Akavua kibati chake, akamvua na Chiku cha kwake.

"Inama."

"Mama, unafanya nini?"

"Inama nikuvishe, nimesema. Karatasi haina sura, ina namba. Yule askari wa getini anaangalia namba. Wote hapa wanaangalia namba. Utatoka wewe, uende ukaolewe."

"Nikuache wewe humu?"

"Humu nimeshazoea. Nenda, na usirudi. Shomari akuchukue mwende mbali, kwao kwa mama yake, huko milimani. Hawatakufuata. Dhamana ikipotea, Sekilindi mwenyewe atavishwa kibati, unadhani atasema?"

"Mama, siwezi. Siwezi kabisa. Watakuweka milele."

"Milele ya nini? Husikii? Dhamana inaachiwa ikifika miaka sitini. Mimi nina hamsini na saba. Miaka mitatu, mwanangu! Miaka mitatu ni kitu? Nitakuja kumlea mjukuu akiwa anatembea. Haya, jitande huo ushungi, ufunike na mikono."

Alisema kwa sauti nyepesi, huku anamfunga uzi wa kibati shingoni, na Chiku aliyefundisha watoto kuhesabu mpaka ishirini hakuhesabu zaidi ya mitatu. Akamshika mama yake miguu, akaomba radhi, akapewa. Bi. Mwatime alimfunga kiunoni kanga yake mwenyewe, akaikaza. "Mkaja wangu wameula," akamwambia. "Basi jifunge wewe."

Saa kumi na mbili askari alifungua geti. Alisoma karatasi: kumi na saba. Alisoma kibati: kumi na saba. "Hongera, mama," akamwambia bibi harusi, "kuoza mtoto si mchezo." Chiku akaitikia kwa kichwa akapita. Mama yake alimfuata kwa macho kupitia nondo mpaka kona ya duka la mkaa, na pale alipopotea Bi. Mwatime akapiga kigelegele kimoja, peke yake, kirefu, mpaka pumzi ikamwishia.

Jumatatu asubuhi Bwana Sekilindi akaja na chai. Akahesabu vitanda, akahesabu watu. Akahesabu tena.

"Mama Chiku..."

"Namba kumi na nane," akasema Bi. Mwatime, akamwonyesha kibati.

Bwana Sekilindi alikitazama kile kibati. Alikuwa na mke na watoto wanne. Akatoa kalamu, akaandika kwa mwandiko mzuri: Namba kumi na saba, ipo, ila kwa sasa haionekani. Kisha akamuuliza kama ataongezwa sukari.

Ijumaa Mthamini akaja, akakata lakiri, akatandaza daftari. Bi. Mwatime akapanda mizani.

"Namba kumi na nane," Mthamini akasoma kwenye kibati. Akasoma mshale. Nyusi zikampanda. "Ilikuwa hamsini na sita, leo themanini na moja! Kilo ishirini na tano kwa siku sita! Ama kweli ndoa imemkubali huyu binti. Mamlaka watafurahi sana, sasa amana ni salama kuliko wakati wowote."

Akaandika. Kisha akapitisha kidole kwenye mstari wa umri, akakokotoa pembeni, midomo inamcheza.

"Miaka ishirini na minne. Hii imebakisha thelathini na sita."

Bi. Mwatime akashuka kwenye mizani polepole, akashikilia trekta asianguke.

"Najua kuhesabu, baba," akasema. "Wewe andika."